UZI MAALUMU: Ngiri ikishazibwa inarudi? Mbinu za upasuaji wa ukuta wa tumbo na hali ya mgonjwa miaka 10 baadaye

Mkono wa Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Swali la "ngiri nishonwe tu au niwekewe wavu?" (wavu ni kipande cha plastiki iliyofumwa cha kuimarishia ukuta wa tumbo) linarudi humu kila mara, na majibu yake yamekuwa ya ushabiki mtupu. Mmoja aliwekewa wavu akapona, basi wavu ndiyo dawa. Mwingine shemeji yake alitoa usaha mwaka mzima, basi wavu ni sumu. Kazi yangu ni upasuaji, na ngiri ndizo zinazonijazia orodha, kwa hiyo nimeona tufungue uzi tuongee kwa kirefu. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aliingize popote.

Kuna jambo nitalirudia mpaka mnichoke: ukitajiwa asilimia ya ngiri zinazorudi, uliza papo hapo ni baada ya miaka mingapi na nani alihesabu. Ngiri iliyozibwa vibaya inaweza kukaa kimya miaka 3, 5, hata 8 kabla haijachungulia tena. Daktari anayemwona mgonjwa mara ya mwisho siku ya kutoa nyuzi atakuapia kwamba zake hazirudi. Wala hakudanganyi, hana tu namna ya kujua.

Haraka haraka kwa wasiojua. Ngiri ni tundu au sehemu dhaifu kwenye ukuta wa tumbo ambapo mafuta au utumbo hupenya na kutokeza chini ya ngozi. Ya kinena ndiyo nyingi kuliko zote, hasa kwa wanaume. Kuna ya kitovu, kuna ya juu ya kitovu, kuna ya paja inayotokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena (hii huwapata zaidi wanawake na ina tabia mbaya ya kubana utumbo), halafu kuna ngiri ya kovu, inayotokea pale ulipowahi kupasuliwa. Msichanganye na busha. Busha ni maji yaliyozunguka korodani, habari nyingine kabisa.

Tuanze na kinena. Upasuaji wake kama tunavyoujua leo ulianza na Edoardo Bassini wa Padua, Italia, miaka ya 1880. (Ujanani alikuwa mpiganaji wa kujitolea, na mwaka 1867 alichomwa singe ya kinena. Huwezi kumwambia hakuifahamu sehemu yenyewe.) Bassini alifungua mfereji wote wa kinena, akaufunga mfuko wa ngiri juu kabisa, kisha akashona misuli ya juu na ukanda mgumu wa chini ili kuujenga upya ukuta wa nyuma. Na akafanya kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa na subira nacho: aliwafuatilia wagonjwa. Katika ngiri zaidi ya 250 alizozitolea taarifa, zilizorudi hazikufika 10.

Walioiga wakafupisha kazi. Ukuta wa nyuma hawakuufungua, wakashona juu juu, ngiri zikarudi kwa wingi na lawama akabebeshwa Bassini. Aliyeirudisha heshima ya kushona ni Earl Shouldice wa Kanada, ambaye hospitali yake ya Toronto ilianza 1945. Kwake ukuta wa nyuma unapasuliwa kwa makusudi, halafu unashonwa kwa kupandanisha tabaka, mistari minne ya mshono usiokatika, kwa waya mwembamba wa chuma. Ganzi ni ya sehemu, na mgonjwa anashuka mezani kwa miguu yake. Wenyewe wanataja ngiri zinazorudi kuwa karibu asilimia 1. Mbinu hiyo hiyo ikifika kwa daktari anayeifanya mara chache kwa mwaka, idadi inapanda. Hata hivyo, kati ya mbinu zote zisizotumia wavu, mapitio makubwa ya tafiti yanaiweka hii ya kwanza.

Kushona kote kuna adui mmoja, nao ni mvuto. Unachukua kingo mbili zilizoachana kwa sababu zake, unazilazimisha zikutane, halafu mwenye tumbo anakohoa, anacheka, anapanda ngazi, anajikamua chooni. Watu hudhani uzi ndio unaokatika. Mara nyingi uzi uko mzima. Nyama ndiyo inayochanika taratibu kuuzunguka.

Francis Usher wa Houston alileta wavu wa plastiki mwishoni mwa miaka ya 1950, na polipropilini ndiyo iliyodumu mpaka leo. Aliyebadilisha kazi ya kila siku ni Irving Lichtenstein wa Los Angeles. Kuanzia 1984 yeye na wenzake waliacha kabisa kuvuta misuli. Wavu unatandazwa juu ya ukuta wa nyuma, unapasuliwa upande mmoja ili kamba ya korodani ipite, unashikizwa, basi. Mwaka 1989 wakachapisha wagonjwa 1,000 bila ngiri hata moja kurudi, wengine wakiwa wamefuatiliwa mwaka 1 tu na wengine hadi 5. Mnaona sasa kwa nini nauliza miaka.

Ganzi ya sehemu ina raha moja ambayo nusu kaputi haikupi. Ukishashughulikia mfuko unamwambia mgonjwa "kohoa", na unaiona kwa macho: ukuta wa nyuma unakufuata juu, wa kijivu, mwembamba kiasi cha kuona mafuta ya upande wa pili. Ukishatandaza wavu na kuushikiza unamwambia akohoe tena. Kingo zikinyanyuka, hujamaliza.

Watoto wadogo wasiingizwe kwenye mjadala huu. Ngiri ya kinena ya mtoto inafungwa mfuko tu, wavu hauna nafasi.

Naendelea baadaye na ngiri za kovu, huko ndiko kuna kazi.

---

Fundi Seremala

Nimekaa mstari wa mbele mkuu. Swali: nina uvimbe kinenani kulia, nikilala unarudi wenyewe, hauumi, kazi nafanya kama kawaida. Nikasubiri, au ndiyo nitakuja kufa nayo usiku?

---

Mkono wa Kushoto

Fundi, jambo hili limepimwa vizuri. Marekani waliwachukua wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua, wengine wakapasuliwa, wengine wakaachwa wasubiri wakiangaliwa. Matokeo yalitoka 2006. Waliopatwa na dharura ya kubanwa hawakufika 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hofu ya kufa usiku iweke kando.

Lakini wale wale walifuatwa tena. Baada ya miaka 2 karibu robo ya waliokuwa wanasubiri walikuwa wameshaomba kupasuliwa. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 68, na kwa waliozidi umri wa miaka 65 ilifika 79. Sababu kubwa ilikuwa maumivu. Kusubiri ni salama, ila ujue unapanga tarehe tu. Mwenye afya njema leo na kazi ya nguvu, mimi humwambia apange mapema kwa nafasi yake.

Hili linawahusu wanaume wenye ngiri ya kinena isiyo na usumbufu, basi. Ngiri ya paja haisubiriwi. Na kwa ngiri yoyote: ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu, ikauma mfululizo, ukatapika au ngozi ikabadilika rangi, usilale nayo na usiisukume kwa nguvu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

---

Bin Mgeni

Samahani kwa kuharibu hali ya hewa, ila wavu ni biashara. Kuna kesi mahakamani za watu walioharibiwa maisha. Mwili una nyama yake, kwa nini uwekewe plastiki ya milele? Huko India kuna daktari anatumia nyama ya mgonjwa mwenyewe. Mbona hiyo huitaji?

---

NesiUsiku

Bin Mgeni hoja unayo, ila uipunguze chumvi kidogo.

Na wewe mkuu Mkono wa Kushoto umelikwepa la maumivu. Wanaorudi kliniki, wengi ngiri yao haijarudi. Wanalalamika kwamba panachoma, pana ganzi, mwingine hawezi kukaa garini. Hao nao ni matokeo.

---

Mkono wa Kushoto

Dada Nesi, sikukwepa, nilikuwa napumua. Nianze na wewe.

Tangu ngiri za kinena zinazorudi zipungue, kinachotusumbua zaidi ni maumivu yanayozidi miezi 3. Mwongozo wa kimataifa wa upasuaji wa ngiri ya kinena, wa 2018, unayataja kuwa asilimia 10 hadi 12. Wengi wao ni maumivu ya hapa na pale, wanaishi nayo. Wanaozuiwa kufanya kazi au kulala ni wachache zaidi, ila kwa ugonjwa wenye wagonjwa wengi hivi, "wachache" hao ni umati.

Kinenani kuna mishipa mitatu ya fahamu unayopaswa kuitafuta kwa jina. Mmoja umelala juu ya kamba ya korodani, ukiufungua utando wa juu kwa pupa unaukata ukiwa ndio kwanza unaanza. Wa pili uko juu kidogo ukipita katikati ya misuli, na sindano inayoshikiza ukingo wa juu wa wavu ndiyo huunasa. Wa tatu umefichwa ndani ya kamba yenyewe. Mshipa ukinaswa na uzi, au ukilaliwa na wavu unapokunjamana, mtu atakusema miaka 10. Anayekuja na ngiri ndogo inayouma kupita kiasi, na hasa akiwa kijana, ndiye yuko hatarini zaidi, na ndiye ninayemkalisha chini kwa muda mrefu kabla ya kugusa kisu.

Walidhani wavu mwepesi utatatua hilo. Umesaidia kidogo kwa ile hali ya kuhisi kuna kitu ndani. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2018, wa wanaume waliofanyiwa kwa matundu (vitundu vidogo vya kupitishia kamera na vyombo, badala ya mkato mmoja wa kisu), ulionyesha baada ya miaka 5 ngiri zimerudi kwa asilimia 3.8 kwenye wavu mwepesi na 1.1 kwenye mzito, na maumivu hayakuwa na tofauti ya maana.

Bin Mgeni, sasa wewe. Ndiyo, kesi zipo. Nyingi zilizovuma ni za nyavu za nyonga za wanawake, ambazo ni kazi nyingine, lakini za ngiri zipo pia. Mwaka 2016 kuna wavu wa kampuni kubwa uliondolewa sokoni baada ya madaftari ya kitaifa ya Denmark na Ujerumani kuonyesha ngiri zinarudi kupita kiasi. Hebu ona ulivyogunduliwa: kwa kuhesabu. Penye madaftari yanayomfuata kila aliyepasuliwa, wavu mbovu huonekana.

Daktari wa India unayemsema ni Mohan Desarda, mbinu yake aliichapisha 2001. Anachukua ukanda wa utando mgumu wa msuli wa nje, anauacha umeshikana na asili yake juu na chini, anaushona uwe ukuta mpya wa nyuma. Si porojo. Poland waliilinganisha na ya Lichtenstein kwa wagonjwa 208, na baada ya miaka 3 ngiri zilizorudi zililingana, mbili huku na mbili huku. Ninachosubiri ni miaka 10 yake. Na utando wa mgonjwa ukiwa umechoka, mwembamba, ndio huo huo unaoutegemea ukanda wako. Mwenye ngiri ya kwanza, kijana, utando imara, asiyetaka wavu, Desarda au Shouldice kwa mkono unaoijua ni chaguo la haki kabisa. Mwongozo wenyewe unasema wavu ndio unaopendekezwa, na kama ni kushona basi Shouldice, baada ya mgonjwa kuelezwa.

Kwa anayedhani wavu mzuri lazima uwe ghali: Uganda walifanya utafiti wa wanaume 302, uliochapishwa 2016. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa hospitali, nusu wavu wa kitambaa cha aina ya chandarua uliosafishwa na kutakaswa ipasavyo. Baada ya mwaka 1 ngiri iliyorudi ni moja kwa wale wa chandarua, na upande wa pili hakuna. Madhara yalilingana. Ndiyo, mwaka mmoja, najua mtakachosema.

---

Njiwa Manga

Daktari na kitovu je? Changu kimetokeza saizi ya ncha ya kidole gumba. Nimeambiwa "nyuzi mbili tu tunamaliza".

---

Mkono wa Kushoto

Tundu lisilofika sentimita 1 wengi tunashona. Kuanzia 1 hadi 4, utafiti wa 2018 wenye wagonjwa 300 ulikuta baada ya miezi 24 waliowekewa wavu zimewarudia asilimia 4 na walioshonwa tu 12. Uliza tundu lina upana gani, siyo uvimbe. Uvimbe mkubwa unaweza kutoka kwenye tundu dogo.

Mtoto wa chini ya miaka 4 hivi mwache, vingi hujifunga vyenyewe. Sarafu iliyofungiwa juu ya kitovu haifanyi kitu.

---

Mama Pacha

Shikamoo daktari. Mimi nilipasuliwa tumbo katikati kwa sababu ya utumbo, sasa pana uvimbe mrefu kuzunguka kovu, nikikaa kitandani kuamka unachomoza. Daktari mmoja anasema ashone, mwingine anasema wavu "wa nyuma ya misuli". Na bado nataka mtoto mwingine mmoja. Nimechanganyikiwa.

---

Mkono wa Kushoto

Marahaba dada. Swali lako ndilo nililokuwa nalivizia, kwa sababu ngiri ya kovu ndiyo ngumu kuliko zote nilizotaja, na ndipo ubishi wa kushona na wavu unaisha.

Uholanzi waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wenye ngiri za kovu zisizozidi sentimita 6, wengine wakashonwa, wengine wakawekewa wavu. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2000: baada ya miaka 3, kwa waliozibwa mara ya kwanza, zilikuwa zimerudi asilimia 43 ya walioshonwa na 24 ya wenye wavu. Wengi wangeishia hapo. Wao wakaendelea kuwatafuta wale wale, na mwaka 2004 wakatoa hesabu ya miaka 10: asilimia 63 kwa kushona, 32 kwa wavu. Hata ngiri ndogo, ambazo kila mtu alidhani uzi unatosha, zilizoshonwa zilirudi kwa asilimia 67 na za wavu 17.

Zisome hizo namba mara mbili. Kushona ngiri ya kovu, hata ikiwa ndogo, ni kuahirisha. Na wavu nao, kwa jinsi ulivyowekwa wakati ule, theluthi moja ilirudi. Mtu akikuahidi "hii hairudi tena", muulize alimwona lini mgonjwa wake wa miaka 10 iliyopita.

Halafu kuna Denmark. Mwaka 2016 walichapisha zaidi ya wagonjwa 3,000 kutoka daftari lao la taifa, miaka 5 baada ya kuzibwa ngiri ya kovu. Waliopasuliwa tena kwa sababu imerudi: asilimia 17.1 kwa kushona, 12.3 kwa wavu wa kisu, 10.6 kwa wavu wa matundu. Bin Mgeni atashika hapa aseme "mbona tofauti ni ndogo?" Asubiri. Uholanzi walihesabu ngiri iliyorudi kwa kumpima mgonjwa. Denmark walihesabu aliyerudi mezani. Wengi ngiri huwarudia wakaamua kuishi nayo, kwa kuchoka, kwa umri, kwa kuogopa, na hao daftari haliwaoni. Ila hilo daftari lina jambo ambalo sisi wapenzi wa wavu hatupendi kulitaja: katika miaka hiyo 5, madhara ya wavu wenyewe yaliyohitaji upasuaji, kama usaha sugu, utumbo kushikana nao au kutoboka, yalifika asilimia 5.6 kwa wa kisu na 3.7 kwa wa matundu, na yalizidi kuongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Faida ya wavu ni ya kweli, na sehemu yake unailipia polepole.

Ndiyo maana mahali wavu unapokaa pana uzito kuliko jina lililo kwenye pakiti.

Unaweza kuuweka juu ya utando mgumu, chini ya ngozi. Ni rahisi, lakini unafungua ngozi eneo kubwa, majimaji yanajikusanya, usaha ukiingia wavu uko jirani. Unaweza kuushona kwenye kingo za tundu tu, ukiwa daraja: hii ndiyo mbaya kuliko zote, inaachia pembeni. Unaweza kuuweka ndani kabisa, ukitazamana na utumbo, kama wanavyofanya wengi wa matundu. Hapo unahitaji wavu uliopakwa kinga upande wa utumbo, na anayekuja kukupasua tumbo siku nyingine kwa jambo jingine atakutana nao. Au unauweka nyuma ya ile misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo, juu ya utando wake wa nyuma, mbinu waliyoikuza Wafaransa Jean Rives na René Stoppa. Hapo una misuli yenye damu mbele, utando nyuma, utumbo haugusi kitu. Na msukumo wa tumbo wenyewe unaukandamiza wavu ukutani, kama kiraka kilichobandikwa kwa ndani ya tairi. Wavu uvuke kingo za tundu kwa sentimita 5 kila upande, na misuli irudishwe katikati mbele yake. Mimi nikipata nafasi ya kuchagua, nachagua huku. Nadhani ndiko daktari wako wa pili anakokusudia.

Tundu likiwa pana mno misuli isikutane, ukuta hulegezwa kwa pembeni. Oscar Ramirez alionyesha mwaka 1990 kwamba ukikata utando wa msuli wa nje pembeni, katikati panasogea sentimita kadhaa. Kuanzia 2012 wengi wamehamia mbinu ya Yuri Novitsky, ya kukata msuli wa ndani kabisa kwa nyuma, kwa sababu ngozi haifunuliwi na wavu unapata chumba kikubwa. Ni upasuaji mzuri mikononi mwa anayeujua. Ukikata mstari usio sahihi unaua mishipa ya fahamu ya misuli na kumwachia mgonjwa tumbo lililopooza upande, tatizo ambalo hakuna wavu unaolirekebisha vizuri. Wengine siku hizi huchoma botoksi kwenye misuli ya pembeni wiki chache kabla, ilegee, na kukata kupungue.

Sasa mtoto. Kama haikubani na unaivumilia, zaa kwanza, uzibwe baadaye. Ujauzito juu ya ngiri iliyozibwa huongeza uwezekano wa kurudi, na wavu hautanuki na tumbo, unaweza kukuletea maumivu miezi ya mwisho. Ikianza kukusumbua kabla ya hapo, hesabu inabadilika, rudi kwa daktari wako.

Na usikubali kuzibwa mara mbili tatu kwa mzaha. Takwimu za jimbo la Washington, Marekani, zilizotolewa 2003, zilionyesha aliyepasuliwa upya mara moja alirudi mezani ndani ya miaka 5 kwa asilimia 23.8, aliyepasuliwa upya mara mbili 35.3, mara tatu 38.7. Nafasi ya kwanza ndiyo bora, kwa hiyo ije ukiwa tayari: sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, sukari ikae sawa, uzito upungue kadiri inavyowezekana. Nimeshawarudisha watu nyumbani kwa sababu ya sigara na wakaninunia, sawa tu.

---

NesiUsiku

Mama Pacha, kabla hujaondoka: wapime vizuri kama kweli ni ngiri. Wanawake wengi baada ya kuzaa misuli ya katikati huachana bila tundu, tumbo linachomoza hivyo hivyo ukiamka. Ile haibani utumbo na matibabu yake ni tofauti, wengi huanzia kwenye mazoezi.

Halafu mkuu, tuseme ukweli, ngiri nyingi za kovu tunazitengeneza sisi wenyewe dakika 15 za mwisho. Mpasuaji amechoka, muziki umeshabadilishwa, anaomba uzi mnene na sindano kubwa, anachota nyama sentimita nzima kila upande, anakaza mpaka panakuwa peupe. Aliyejifunza vizuri anaomba sindano ndogo na uzi mwembamba zaidi, anachota utando peke yake, milimita 5 kutoka ukingoni, hatua inayofuata milimita 5, bila misuli wala mafuta. Sisi tunaosaidia tunahesabu: uzi uliotumika uwe angalau mara 4 ya urefu wa kidonda. Inachosha, dakika zinaongezeka, na kila mtu anataka kwenda kunywa chai.

---

Mkono wa Kushoto

Nakubali kwa mikono yote miwili. Uholanzi tena, 2015, wagonjwa 560: hatua ndogo ziliacha ngiri asilimia 13 baada ya mwaka 1, hatua kubwa 21. Hakuna wavu, hakuna mashine mpya, ni namna ya kushika sindano tu. Ingekuwa dawa ingetangazwa kila mahali.

---

Mpiga Kasia

Matundu au kisu kwa kinena? Na mzigo mzito lini? Mimi riziki yangu ni mabega.

---

Mkono wa Kushoto

Kwa matundu wavu unaingizwa nyuma ya ukuta, ama kwa kupitia ndani ya tumbo ama kwa kupenya kati ya tabaka bila kuingia tumboni. Unarudi kazini mapema zaidi na maumivu ya muda mrefu ni machache. Nafasi yake nzuri ni ngiri za pande zote mbili, ngiri za wanawake (unaiona na ya paja iliyojificha), na iliyorudi baada ya kupasuliwa kwa mbele, kwa kuwa unapita njia isiyo na kovu. Ukifanyiwa, kwa kawaida ni kwa nusu kaputi.

Lakini kujifunza kwake ni kurefu. Utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani, 2004, ulikuta baada ya miaka 2 zimerudi asilimia 10.1 kwa matundu na 4.9 kwa kisu. Walipowaangalia peke yao madaktari waliokwisha kufanya zaidi ya 250, tofauti hiyo ikayeyuka. Basi uliza mkono wa daktari umefanya ngapi kabla ya kuuliza mashine. Na "mkono" sisemi cheti: Sierra Leone, utafiti uliotoka 2021 uliwalinganisha matabibu wasio madaktari waliofundishwa kuweka wavu na madaktari waliofundishwa kozi ile ile. Baada ya mwaka 1 ngiri za matabibu zilirudi asilimia 0.9, za madaktari 6.9. Wenzangu wengi hawakuufurahia.

Mzigo: baada ya ngiri ya kinena ya wavu, mwongozo unaruhusu kurudi kwenye shughuli mara tu maumivu yanaporuhusu, siku chache tu kwa kazi nyepesi. Kutembea, anza siku hiyo hiyo. Kwa kazi ya mabega kama yako mimi huongeza wiki kadhaa, kwa tahadhari yangu. Ngiri kubwa ya kovu ni habari nyingine, hapo uhesabu angalau wiki 6 bila kubeba.

---

Bin Mgeni

Naona unaijua kazi, nimepoa. Swali la mwisho: si kuna nyavu za ngozi ya mnyama, zinazoyeyuka na kugeuka nyama yako? Hizo ndizo zingekuwa suluhisho, au?

---

Mkono wa Kushoto

Ndivyo zilivyouzwa, hasa kwa vidonda vichafu ambako plastiki iliogopwa. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 253, ngiri za kovu zenye uchafu, upande mmoja nyavu za ngozi ya nguruwe, mwingine polipropilini ya kawaida. Baada ya miaka 2 zilizorudi ni asilimia 20.5 kwa za ngozi na 5.6 kwa plastiki, na usaha haukuwa mchache kwa upande wa ngozi. Na ile ya nguruwe ndiyo ya bei kubwa mno.

---

Fundi Seremala

Nimesoma wote. Nimebakiza mawili, la pili aibu kidogo. Mkanda wa ngiri unaovaliwa kiunoni unaponya? Na uzazi vipi?

---

Mkono wa Kushoto

Mkanda hauponyi. Unaibana wakati umeuvaa, na ukivaliwa juu ya ngiri ambayo haijarudi ndani unakandamiza utumbo. Kama unausubiri upasuaji na unakupa nafuu kazini, lala, irudishe ndani kwanza, ndipo uvae.

La pili halina aibu. Kamba ya korodani inapita katikati ya kazi yetu, ndani yake kuna mirija ya mbegu na mishipa ya damu. Mara chache mishipa hiyo hujeruhiwa, korodani inavimba na kuuma siku chache baada ya upasuaji, na baadaye inaweza kusinyaa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa ngiri iliyorudi na inayopasuliwa tena njia ile ile. Kwa ngiri ya kwanza, upande mmoja, wengi hawapati badiliko lolote la uzazi. Wewe umesema ni upande wa kulia tu na ni ya kwanza. Korodani ikivimba na kuwa ngumu siku ya tatu nne, usikae nyumbani kwa aibu, rudi waiangalie.